Mama mkwe wangu, kifundo cha mkono na swing ya gofu: yaliyotukuta Katoyi wakati wa vita

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Hapa jukwaani mimi ni msomaji zaidi. Leo nimekuta mkuu mmoja analalamika mpira wake wa gofu unakwenda kombo kila akipiga, nikaona nifungue uzi. Haya yametokea nyumbani kwangu, sikusimuliwa. Majina tu nimebadilisha.

Nijitambulishe kidogo. Vita ya zamani ilinikuta kijana, nikakimbilia Uganda. Huko nikapata kazi ya kukata majani kwenye uwanja wa gofu. Wafanyakazi tuliruhusiwa kucheza asubuhi kabla wenyewe hawajafika. Ugonjwa wa gofu ukaniingia hapo.

Niliporudi Goma sikuwa na mali yoyote, ila fimbo moja ya chuma, 7-iron.

Sasa Goma utachezea wapi? Chini kote ni mawe ya volkano. Nyuma ya nyumba nikatandika kipande cha zulia kuukuu, nikatundika hema bovu ukutani, nikawa napiga mipira niliyoifunga mwenyewe kwa mifuko ya plastiki. Haiendi mbali, lakini swing, ule mzungusho wa fimbo, ni swing.

Basi, vita ikarudi Masisi, milimani huko nje ya Goma.

Mama mkwe wangu, mjane, mkulima wa maharage huko, akakimbia kwa miguu na majirani zake. Njia ilikuwa matope, akaanguka na mzigo mgongoni. Mkono wa kushoto ukavunjika kwenye kifundo. Alifika kwetu, mtaa wa Katoyi hapa Goma, ameufunga kwa kitenge.

Hospitali wakamtia plasta. Ilipotolewa, kifundo kilikuwa kigumu kama ubao. Kiné, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hakumficha: "Mama, usipokitumikisha sasa, kitabaki hivi."

Kwa mtu anayeishi kwa jembe, hayo si maneno madogo.

Akaanza mazoezi. Haukupita muda mapigano yakafika mjini kwenyewe. Kituo cha kiné kikafungwa, shule zikafungwa, mimi kazini hakuna. Milio ilipozidi tulilala chini kwenye korido. Ilipotulia tulibaki nyumbani hivyo hivyo, maana hakuna aliyetaka kwenda mbali.

Mama akawa anakaa kwenye benchi la jikoni, mkono mapajani.

Hapa niwaeleze jambo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Heshima. Hata kula, kila mtu na upande wake. Sasa fikirieni nyumba ya vyumba viwili, mnapishana mlangoni kutwa nzima, kila mmoja anaangalia chini.

Asubuhi moja ya utulivu nikaenda kwenye zulia langu. Nikapiga. Nikapiga tena. Nyuma yangu nikasikia:

"Papa Aline, ule mupira umekukosea nini?"

Aline ni binti yangu. Mke wangu, Furaha, alicheka hadi akaweka sufuria chini. Ulikuwa muda mrefu hatujasikia mtu anacheka mle ndani.

Mama akataka ajaribu. Nikalaza fimbo kwenye zulia, nikarudi nyuma, akaiokota mwenyewe. Akapiga kidogo tu.

Wakuu, mpira ulikwenda katikati ya hema, moja kwa moja! Yangu ilikuwa inapaa bila nguvu au inakimbilia kushoto.

Nikamwomba arudie, nikaangalia mikono yake. Ndipo nikaelewa.

Kwenye impact, yaani fimbo inapogonga mpira, mgongo wa mkono wa kushoto unatakiwa uwe bapa, unatazama kule mpira unakokwenda. Mikono inatangulia kichwa cha fimbo kidogo, na kifundo cha kulia bado kimekunjika kwa nyuma. Mimi nina haraka ya kuunyanyua mpira, kwa hiyo kifundo cha kushoto kinajikunja mapema, nauchota kama mtu anachota uji.

Mama hakuweza kuchota hata angetaka. Kifundo chake kilikakamaa pale pale bapa.

Lakini mpira ukishaondoka, mikono lazima iendelee. Wa kulia unapita juu ya wa kushoto, vifundo vinajikunja, fimbo inamalizikia nyuma ya bega la kushoto. Hiyo ndiyo finish. Yake iliishia kwenye tumbo, na uso wake ukabadilika kwa maumivu.

Nikampigia kiné simu, kumuuliza kama hiyo finish inaweza kuwa zoezi lake. Akasema sawa, ila polepole, bila mpira, fimbo isiguse chini, na maumivu yakizidi aache.

Tukaanza. Mimi nasimama kule, Furaha ndiye mikono yangu. "Mwambie mama kiganja cha kulia kipite juu." Furaha anaugeuza mkono wa mama yake kama anakamua nguo. Mama anapiga kelele, wanagombana, tunaacha.

Siku moja Furaha alikwenda soko la Kituku, kando ya ziwa, kutafuta samaki. Mama akatoka na fimbo.

"Kuya unionyeshe," akaniita.

"Mama, mimi siwezi kukushika."

Akaniangalia. "Vita imetulaza mu nyumba moja, na weye uko naogopa mukono?"

Nilikwenda macho chini, nikamshika kifundo kwa vidole vya mwisho mwisho. Kilikuwa chembamba, cha baridi. Nikapitisha mkono wa kulia juu ya wa kushoto, taratibu.

"Mama, iko nauma?"

"Iko nauma. Endelea."

Tukawa hivyo kila asubuhi ya utulivu. Kutoka tumboni fimbo ikafika kifuani. Kifuani tulikwama sana, nikadhani ndiyo basi.

Halafu kuna siku fimbo ilipita. Ilipanda yenyewe, vifundo vikajikunja, ikalala nyuma ya bega.

"Nibaki hivi?" akauliza, anaogopa kujitikisa.

"Baki hivyo, Mama. Ndiyo finish."

Alibaki. Machozi yakamtoka hapo hapo amesimama. "Nilizani huu mukono niliuacha njiani," akasema. Furaha akaja kumkumbatia. Mimi nikajifanya naokota mipira.

Kituo kilipofunguliwa, kiné alimpima akafurahi. Kifundo hakijarudi chote, lakini kinashika.

Baadaye watu wa kilima chao wakaanza kurudi. Tulimsihi abaki, akakataa. Nyumba aliikuta bila mabati, shamba limekuwa pori. Juzi amepiga simu: "Nimelima mustari wa kwanza. Kwa baridi iko nauma, lakini jembe haianguke."

Nilichojifunza? Kwa wapiga gofu: swing polepole bila mpira, simama kwenye impact, uangalie mgongo wa mkono wa kushoto. Finish usiilazimishe kwa mabega, acha mikono ipishane.

Wenye mkono uliovunjika, kamuoneni mtaalamu, msije mkasema jukwaa limewatuma.

Na la wakwe: nilidhani kukaa mbali naye ndiyo heshima yote. Siku ile aliponiita, heshima ilikuwa kwenda.

Mimi bado nauchota mpira, wakuu. Mwenye dawa ya hilo anisaidie. Na aliyewahi kupokea wakwe waliokimbia vita, atuambie waliishije. Nipo, nasoma zote.