Kengele ya Mkono wa Kushoto

Mtaa mzima wa Berea, ukitafuta fundi wa chuma utaletwa kwangu tu. Wengine wanachezea nyundo. Hata yule mtawa wa kike wa Kibudha wa ghorofa ya juu, kipara na shuka jekundu, mzaliwa wa Soweto aliyeokota Kiswahili kwa majirani, huniletea mimi kengele yake ya sala. Huishika kwa mkono wa kushoto tu. Nikiiweka kwenye misumari, huinyanyua, hutandika kitambaa cha njano, kisha hupapasa kwa kidole gumba uso wa mwanamke uliochongwa mpinini. Huongea polepole, kama kuna mtoto amelala.

Juzi ulimi wa kengele ulikatika. Mtawa aliachiwa kengele hiyo na mwalimu wake marehemu, akaogopa mlio ule utapotea.

"Anko, mlio ukibadilika je?"

"Dada, nimefufua mageti yaliyokufa, sembuse hiki kikombe?"

Nikafunga ulimi mpya, nikaikamata kengele tumboni kwa ngumi yangu ya kifundi, nikatikisa kwa mbwembwe. Ko! Kama sufuria. Mtawa akaninyang'anya, akashika mpini kwa kushoto, akatikisa. Mlio ukatoka mrefu, ukazunguka karakana nzima.

"Eish, anko! Ulikuwa unainyonga!"

Akacheka kwa sauti, kipara kikimeremeta. Akapanda ngazi akiipiga, na mimi, kwa kushusha pumzi, nikasahau kujisifu.