Tochi ya Kufukuzia Ndege

Majina yote ninayo. Nitajie boma lolote hapa Kesses, nitakuambia aliyelijenga, wake zake, na ng'ombe wa kwanza aliyeingia pale aliitwaje. Lakini humu sitaandika jina hata moja. Watu wangali hai, na mambo yenyewe hayajapoa.

Wimbi ninayopanda ni ya mama yangu. Nilipoolewa alinifungia mbegu kwa pindo la leso, akasema nisiichanganye na ya mtu. Ni nyekundu sana, karibu nyeusi, na suke lake hujikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Zamani kila boma hapa lilipanda wimbi, na ndege walitugawana: huku wanadona kidogo, kule kidogo, na sisi tunavuna. Halafu watu wakaacha mmoja mmoja. Huyu akapanda mahindi peke yake, yule akajenga vyumba vya kupangisha wanafunzi wa chuo. Nikabaki mimi na kipande changu, na ndege wote wakajua mlango ni mmoja.

Mwaka wa juzi waliniachia bakuli moja ya mbegu. Hiyo bakuli ndiyo nilipanda. Wangeimaliza na hiyo, basi, wimbi ya mama ingeisha duniani. Nilishaitafuta kwa soko zote za Eldoret, natia mkono kwa kila gunia. Si yenyewe.

Jirani yangu, mama mwenye vyumba vya wanafunzi, alikuwa akisimama kwa ua ananiangalia nikikimbia na bati na fimbo.

"Mama, bado unalisha ndege za serikali?"

"Nalisha. Na wewe si unalisha wanafunzi?"

"Wangu husema asante!"

Tulicheka, lakini mimi sauti ilikuwa imeisha. Wimbi ilikuwa imefika kwa maziwa, ule wakati ukifinya punje inatoa kitu cheupe, na hapo ndipo ndege hupenda. Walikuja kulipopambazuka kutoka upande wa msitu, wingu zima. Nikifukuza huku wanatua kule. Asubuhi moja miguu ilikataa, nikakaa chini katikati ya shamba na bati yangu, nikalia.

Mjukuu wangu ndiye alinikuta. Ni msichana wa kitindamimba wangu, anakaa na mimi, na anasomea mambo ya umeme kwa chuo kimoja huko mjini. Aliniinua, akanipangusa matope.

"Kogo, acha kulia. Nitakutengenezea kitu." Kogo ni nyanya kwa lugha yetu.

Jioni alirudi kutoka kwa mafundi wanaovunjavunja mashine kuukuu, amebeba tochi ya chuma na kile kidude cha kompyuta cha kuandikia DVD. Alikifungua mezani juu ya gunia, akatoa humo kitu kidogo kama punje ya wimbi. Akang'oa balbu ya tochi, akakiweka mahali pake, akaunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa hadi nyumba ikanuka.

"Inaua ndege?"

"Haiui. Wao wanaiona kama fimbo inawajia." Halafu akanishika mkono, akanikazia macho. "Kogo, hii si tochi, ni leza, inachoma macho. Usimulike mtu, usimulike ng'ombe. Na usiangalie kwa kioo chake hata kidogo. Ukiishika, vaa hii miwani."

Miwani yenyewe ilikuwa nyeusi, kubwa, imefunika uso wote. Kesho yake jirani aliniona shambani.

"Mama! Umeanza kazi ya kuchomelea mageti?"

Lakini ilifanya kazi. Alfajiri, umande ukiwa bado, nilibonyeza, kitone chekundu kikakimbia juu ya masuke na ndege wote wakaruka kama wametupiwa mawe. Siku nne hawakutua. Nilirudi kunywa chai nimekaa chini kama watu.

Siku ya tano mjukuu akaenda mjini kufanya mtihani, angelala huko siku tatu. Asubuhi iliyofuata nikabonyeza, kitone kikawa hafifu, kikafa. Ndege wakashuka. Nilipiga bati, nikarusha udongo, nikarusha hata kiatu. Jua lilipopanda niliona upande mzima wa chini masuke yamebaki makapi.

Sasa mimi najua betri zikichoka mtu hufanya nini. Tumefanya hivyo maisha yetu yote: unazitoa, unazianika juu ya jiwe lenye jua mpaka ziive. Nikazianika. Mchana nikazirudisha, nikabonyeza nikielekeza chini. Kwa jua lile sikuona kitu. Na tochi ikikataa, unafanyaje? Unaangalia ndani kama ule waya wa balbu umeshika wekundu. Mama alifanya hivyo, mume wangu alifanya hivyo. Ile miwani ilikuwa nyeusi mno, sikuona hata kioo kiko wapi. Nikaitoa. Nikaleta tochi karibu na jicho la kulia, nikabonyeza tena.

Wekundu ulikuwako.

Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho siku nyingi, linaona ukungu tu. La kulia ndilo lilikuwa jicho langu la kazi. Sasa lina shimo katikati. Nikimwangalia mtu, naona masikio na mabega, uso haupo. Mjukuu aliporudi nilimtambua kwa mwendo, nikamsalimu kwa jina, nikadhani nimepita. Akaninyooshea kikombe cha chai, mkono wangu ukashika hewa.

"Kogo. Uliangalia?"

Alitoka nje, nikasikia jiwe likipiga chuma cha ile tochi, likapiga, likapiga. Daktari mjini alisema jicho hilo halirudi.

Ndege hawakungoja daktari. Tulitoa vyandarua vya vitanda tukafunika kona moja ya juu, na kona hiyo ilitoa mbegu ya kujaa kikombe. Mvua ilipokuja tuliipanda yote.

Juzi tulianza palizi. Kwa wimbi kuna gugu pacha yake. Likiwa changa lina jani lile lile, kijani kile kile, na ukiliacha litaimeza wimbi yote. Mama alinifundisha kwa jicho, hakuna maneno yake. Mjukuu alipiga magoti mbele yangu kwenye mstari, akashika mche.

"Hili, Kogo? Ning'oe?"

Niliinama mpaka pua ikagusa udongo. Mahali mche ulipokuwa, palikuwa na shimo langu. Nikageuza kichwa, nikauona kwa pembeni, kijani tu. Nikaupapasa shina. Gugu shina lake ni bapa kidogo, lakini mche ukiwa na majani matatu, hata la wimbi ni bapa.

"Kogo?"

Mistari ilikuwa mingi nyuma yetu, na mvua ilikuwa inakuja.

"Ng'oa," nikamwambia.

Akaung'oa, akautupa nyuma, akashika mwingine. Nilitambaa nikautafuta ule wa kwanza kwa vidole, nikauweka kwa mfuko wa aproni. Bado uko hapo, umekauka. Sijui nilimwambia ang'oe nini.