Baraza la Mama na Kiko Chake

Nyumba yetu ya Makote mama aliijenga mara mbili. Ya kwanza ilichomwa na mgambo zama zile za kuhamishiwa vijijini, mimi bado wa kushikwa mkono. Walisema ardhi ni ya umma. Shule niliishia la nne, lakini neno hilo, umma, nilifundishwa na moto.

Likaja soko huria, tukaambiwa kila mtu na chake. Nikaweka mabenchi barazani, nikawa nauza chai na vitumbua kwa waendao Newala mjini. Mama alikaa pembeni kwenye mkeka wake na kiko chake, tumbaku kailima mwenyewe nyuma ya choo. Mteja akikohoa, mama humtania: "Kohoa vizuri, utoe na uongo wako."

Asubuhi moja akaja bwana afya, na mtendaji wa kata nyuma yake, wote wateja wangu wa chai. Nawataja kwa vyeo vyao, wenyewe wanajijua.

"Shikamoo, bibi," akasema bwana afya. "Zima hicho kiko. Hapa ni mahali pa umma."

"Marahaba. Umma gani tena, mwanangu? Ule uliotuchomea nyumba?"

Mtendaji akacheka. "Ya zamani hayo, bibi. Sheria ni sheria. Kavutie kule kwenye mikorosho."

Kwenye mikorosho! Siku hiyo hiyo watu walikuwa wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, vumbi lake la njano limetanda hadi kwenye sufuria yangu ya chai, bwana afya mwenyewe machozi yanamtoka. Hilo hawalioni, korosho zina wanunuzi. Kiko cha bibi kizee ndicho kinachoua nchi! Sibishi kwamba moshi una madhara. Kifua cha mama nakijua mimi ninayekikanda. Wangeniambia wateja niwahamishie upande wa pili, ningewahamisha. Lakini kumwinua mama kama mwizi, kwenye baraza alilolikandika kwa mikono yake?

Akainuka. Aliogopa nisije nikatozwa faini. Akaenda kukaa ndani ya lile vumbi, akarudi macho mekundu.

Kesho yake mabenchi nikayaingiza ndani, jikoni sikuwasha moto. Biashara basi. Mama akarudi mkekani, akawasha kiko.

Haukupita muda, hao, wote wawili wanataka chai yao ya kila siku. Mtendaji keshapanda barazani, anatafuta benchi kwa macho.

"Vipi leo, mama? Chai hakuna?"

"Hapa ni nyumbani kwa mtu," nikamwambia. "Shuka, upige hodi."

Akadhani natania. Nikasimama mlangoni, sicheki. Akamtazama mwenzake, akashuka.

"Hodi!"

Mama akatoa moshi taratibu.

"Hodi nimeisikia," akasema. "Karibu sijasema."