Kifuniko cha Pili

Wenzangu mliokwenda shule na fagio kwapani na kidumu cha maji mkononi, sogeeni karibu, maana leo nina neno na watoto wetu. Watoto wetu wanashukuru. Wanashukuru mpaka wanatia hofu. Saa kumi na mbili asubuhi simu inalia, moyo unaruka nikidhani kuna msiba, kumbe ni mtoto wa mdogo wangu ametuma kwenye kundi la ukoo picha ya waridi lenye umande na maneno "Asante Mungu kwa pumzi ya leo". Wanafuata ishirini na wawili kuandika "Amina". Kati ya hao ishirini na wawili hakuna hata mmoja aliyeamka kumtengea bibi yake maji ya kuoga. Wakila chipsi wanashukuru, wakinunua viatu wanashukuru, wakiachwa na mchumba wanashukuru vilevile, kwamba Mungu amewaepusha na mengi.

Sisi hatukujua kushukuru namna hiyo. Tulipokuwa wadogo pale Shanwe, wakati Shanwe bado ina vichaka vya kujificha ukicheza kombolela mpaka wenzako wasahau kukutafuta, neno asante tulilitumia zaidi shuleni, baada ya viboko. Ulichapwa, ukasema "asante mwalimu", ukarudi kukalia upande mmoja. Nyumbani shukrani haikusemwa. Ulitumwa. Mama alifunika kitu kwenye sahani, akakuonyesha kidole njia ya kupita, na ole wako ufike ukiwa umekilamba.

Baba yangu alikuwa Mkonongo, na Mkonongo asiye na mzinga enzi zile alitazamwa kama mtu aliyetoka nje bila shati. Yeye alikuwa na mizinga tisa ya magogo, imetundikwa msituni, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, tena wa kike, lakini ndiye aliyepandishwa kwenye kiti cha nyuma pamoja na ndoo, kwa sababu wadogo zangu wa kiume waliogopa nyuki. Hili naliandika ili wajukuu wao walisome. Wanaume wazima hao, leo wanavaa tai, walikuwa wakisikia mvumo wa nyuki wanajifunika gunia.

Kwa mliokulia kwenye lami: mzinga wa gogo umetobolewa ndani, na kila upande una kifuniko chake cha mbao. Baba alipanda na kienge cha magome kinachofuka moshi, akafungua kifuniko kimoja tu. Alikata sega moja moja, bila haraka, huku akiwasemesha nyuki kwa Kikonongo kama mtu anayeomba kupita kwenye ua wa watu. Kifuniko cha pili alikuwa amekikandika kwa kinyesi cha ng'ombe na kukifunga kwa kamba za magome, na hakukigusa mwaka nenda mwaka rudi.

Siku moja nilimwuliza kama huko nyuma hakuna asali.

"Ipo," akasema.

"Nyingi?"

"Nyingi sana. Ni ya wenyewe."

Niliona huo ni ujinga mkubwa. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa na njaa tangu Jumatatu. Tuliporudi nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, na kabla hajaipokea ndoo alimwuliza baba swali lilelile la kila msimu: "Wenyewe wameachiwa?" Baba akajibu, "Wameachiwa." Hapo ndipo ndoo iliingia ndani. Sega la kwanza, lile nene, jeupe juu kama utando wa maziwa, halikuwa letu. Lilikwenda kwa Mama Shaabani, mke wa mwenye duka wa Makanyagio, kwa kuwa mwaka ule wa njaa alitupimia chumvi na mafuta ya taa bila kutuuliza kitu. La pili lilikwenda kwa Msukuma mmoja aliyehamia na ng'ombe zake upande wa pili wa korongo, aliyekuwa akitupa maziwa mtoto akiugua. Sisi tuliobeba, tulioumwa nyuki, tuliovimba macho, tulibakiwa na vidole vyetu na nta ya kutafuna. Tulinung'unika kwa sauti ya chini, kwa sababu sauti ya juu ilikuwa na gharama yake. Mama akasema, "Anayekula bila kuacha, kesho atakula mate." Tukatafuna nta.

Lakini asali ilikuwepo. Haya ndiyo ninayotaka mnisaidie kukumbuka, wenzangu. Uji wa ulezi ulikuwa na asali, migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani, tuliishushia kwa togwa la asali, kikohozi kilitibiwa kwa asali na ndimu, na mgeni wa ghafla aliyeshuka kwenye treni hakukosa kijiko. Kila msimu nyuki walikuwa palepale, wakali vilevile, kana kwamba hatujawahi kuwaibia.

Baba alipozidiwa na ugonjwa ilikuwa imebaki mizinga minne. Mingine ilikatwa pamoja na miti yake. Aliwaita watoto wote, na wadogo zangu wakaja na tai zao, wakapewa shamba la mpunga kule Mamba na nyumba ya Shanwe. Mizinga alinipa mimi, mwenye magoti mabovu. "Wewe ndiye unajua kifuniko," akaniambia. Nililia siku ile, na sioni haya kusema kwamba sehemu ya kilio ilikuwa ni kiburi.

Sasa mama anaishi na mimi Makanyagio, nyuma ya duka langu la vitenge. Ni mzee sana. Meno amebakiza mawili, na yote anayatumia kunisema. Haombi nguo, haombi nyama. Anachotaka ni uji wake wa asubuhi na kijiko kimoja cha asali ya mizinga ya baba. Anauzungusha mdomoni taratibu, amefumba macho, halafu anasema, "Haya, tumekula." Yeye na marehemu baba walikaa pamoja miaka mingi, na hiyo ndiyo meza pekee wanapokutana bado. Kila msimu mwanangu Deo akirudi kutoka kurina asali, mama humsimamisha mlangoni na swali lake. Deo ana shahada ya masoko na ndevu za kuchonga, lakini pale hujibu kama mtoto wa chekechea: "Wameachiwa, bibi."

Mwaka jana ukoo wetu ulipatwa na homa ya kisasa. Wadogo zangu wakatangaza kwenye kundi kuwa tufanye Siku ya Shukrani ya Ukoo, kumuenzi baba na kukumbushana kutunza urithi. Ukumbi, mshereheshaji, muziki, fulana za rangi ya dhahabu zenye sura ya baba kifuani na neno ASANTE mgongoni. Keki yenye umbo la mzinga, na nyuki wa sukari juu yake. Mwenyekiti wa kamati akachaguliwa kwa sauti moja. Mnamjua. Ndiye huyu anayewacheka watoto wa watu tangu mwanzo wa ukurasa.

Nilijitumbukiza mzimamzima. Nikapendekeza mwenyewe kwamba kila mgeni maalumu aondoke na chupa ndogo ya asali ya mizinga ya marehemu. Wageni maalumu walikuwa sitini. Kundi zima likaniwekea makofi na maua, na mimi nikayahesabu.

Ilikuwa Julai, kiangazi kimekaza. Deo akapanda pikipiki na ndoo kwenda msituni, na adhuhuri akanipigia simu kutoka juu ya mti. Nilikuwa kwa fundi, nimeshika fulana mbili, nabishana naye kama hiyo ni dhahabu au ni rangi ya maembe.

"Mama, mzigo hautoshi. Nimepitia mizinga yote minne, sijafikisha hata nusu."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Labda nifungue na upande wa pili?"

Kulikuwa na kelele za cherehani. Fundi alikuwa akinisubiri. Ningeweza kusema nilisikia vibaya, lakini nilisikia vizuri kabisa.

"Fungua," nikasema.

"Bibi je?"

"Bibi niachie mimi. Fungua, tumechelewa."

Sherehe ilipendeza, tusidanganyane. Wadogo zangu walihutubia juu ya urithi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alieleza jinsi alivyokuwa akienda na baba kurina asali. Nilikaa pale mbele nikiwasikiliza hawa wa gunia, na sikusema kitu, kwa kuwa mwenyekiti hatakiwi kuleta fujo. Mama Shaabani alikuja pia, anatembea kwa mkongojo, amebeba vitumbua kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Kijana wa mlangoni akatafuta jina lake kwenye orodha ya wageni maalumu. Halikuwepo. Orodha niliandika mimi. Akamketisha nyuma karibu na spika, bila chupa.

Mama alimwona. Macho yake hayaoni uzi wa sindano, lakini hayo huyaona. Akachukua chupa yake mwenyewe ili ampelekee, na kama ilivyo desturi yake ya kutompa mtu asichokijua, akaifungua kwanza akachovya kidole. Akalamba. Akalamba tena. Kisha akaiinua chupa kwenye mwanga. Asali ilikuwa na ukungu mweupe na uchachu kidogo, maana Deo alipofungua nyuma alikuta masega ya watoto wa nyuki, akayakamua yote pamoja.

Wakati huohuo mshereheshaji akamfikia na kipaza sauti. "Bibi yetu, nguzo yetu! Tupe neno la shukrani!"

Mama alikishika kile kipaza sauti, akanigeukia mimi.

"Wenyewe wameachiwa?"

"Makofi kwa bibi!" akapaza mshereheshaji. "Hekima hiyo!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Muziki ukawekwa. Watu wakasimama wakicheza na migongo yao yenye ASANTE. Katikati ya kelele zile mama aliendelea kuniangalia, akingoja jibu lake.

"Wameachiwa, mama," nikasema.

Nina umri wa bibi, nina wajukuu, na nilimdanganya mama yangu mbele ya ukumbi mzima. Aliifunga chupa, akaiacha mezani, akamfuata Mama Shaabani kule nyuma, akala vitumbua viwili.

Kuelekea mwisho wa mwaka, miti ya miombo ilipomaliza kuchanua na msimu ukarudi, Deo alikwenda msituni. Safari hii nilimfuata kwa pikipiki nyingine, magoti yakilia. Tuligonga mzinga wa kwanza kwa fimbo. Kimya. Wa pili ulikuwa na sisimizi. Wa tatu buibui alishafunga pazia lake kwenye tundu. Wa nne Deo alipanda, akafungua kifuniko cha kwanza, halafu cha pili, na nikaona anga kutoka upande mmoja mpaka upande wa pili. Kiangazi nyuki huishi kwa akiba, na akiba yao tulikuwa tumewapa watu waliokuwa na sukari nyumbani. Deo alishuka. Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka kwamba yeye siku ile aliuliza.

Mama alikuwa mlangoni. Nilianza maelezo marefu, mabadiliko ya tabianchi, ukame, dawa za mashambani, maneno yote ninayoyasikia redioni. Alinisubiri nimalize.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nilitaka tu nione utachukua muda gani kuniambia."

Akaingia ndani, akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na donge la nta nyeusi, ya enzi za baba, bado linanukia moshi. Akampa Deo mkononi, si mimi. Akamwelekeza apake ndani ya mizinga ili harufu iwarudishe nyuki, akandike kifuniko cha nyuma, aondoke, asikae kuwachungulia. Nyuki hawaitwi kwa simu. Deo alifanya yote kama alivyoambiwa, na sikumwona akipiga picha hata moja.

Basi, wenzangu, sisi ndio tuliokuwa na njaa, tuliolamba vidole tukinung'unika, na nyuki walikuwa tele. Leo tumeshiba, tuna fulana, tuna kundi lenye maua kila alfajiri. Na watoto ninaowacheka, nani aliwaambia "fungua"? Fulana yangu ya dhahabu mama anaipigia deki. Sura ya baba aliikata kwanza kwa mkasi, akaiweka kwenye sanduku lake.

Kila asubuhi namwekea uji. Anaukoroga, unazunguka mtupu, bila asali, ananiangalia juu ya kikombe.

"Wamerudi?"

Na mimi, mwenyekiti wa kamati ya shukrani, namjibu ukweli siku hizi.

"Bado, mama."