Salamu Zilizoupaka Mtaa Rangi Nyekundu

Dada yangu hapiti mtu bila kumsalimu. Wala si salamu za juu juu. Ataulizia watoto, mguu ulioteguka, hadi paka. Tunamwita Redio, naye hajali. Manispaa ilipompa kazi ya kupima kelele za mji, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kazi aliipenda kupita kiasi. Alizunguka mitaani na kipima sauti, kisha ofisini akaviingiza vipimo kwenye programu ya ramani, na kompyuta ikaupaka mji rangi: kijani penye utulivu, nyekundu penye makelele. Ramani ilipokamilika alinipigia simu akihema. "Kaka, njoo uone! Mji mzima unaongea!"

Nilikwenda mbio. Soko jekundu, stendi nyekundu, sawa. Lakini mtaa wa nyuma ya hospitali nao ulikuwa mwekundu! Dirisha la wodi ya watoto njiti linatazama mtaa huo, na mwanangu alikuwa amelazwa mle. Pale ukikohoa tu, wauguzi wanakugeukia.

Mhandisi wa barabara, aliyekuwa pale ofisini, alikuwa ameshaiona ramani. "Malori yatapita hapa," alisema, akigonga mtaa ule kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Wameshazoea kelele hao. Kesho kikao cha manispaa kinapitisha."

Damu ilinichemka. "Dada, pale ulipima nini?"

Kipima sauti kile hurekodi pia. Akafungua, tukasikia: "Shikamoo bibi! Mguu unaendeleaje? Na yule paka?" Ikafuata mivumo ya vicheko. Sokoni kila mtu alikuwa na haraka, hakupata wa kuongea naye; penye utulivu ndipo alipoweka kituo.

"Mungu wangu," akasema. "Nimejipima mwenyewe!"

Nilitaka kumfokea, kicheko kikaniwahi. Tukatoka mbio hadi kule mtaani. Safari hii alijifunga mtandio mdomoni, akasimama chini ya dirisha la wodi na kipima sauti chake. Yule bibi wa mguu ulioteguka akatokea.

"Hujambo, mwanangu?"

Dada akatikisa kichwa tu, machozi yakimlenga.

"Makubwa! Siku hizi anaringa," bibi akasema, akanuna.

Nilimvuta kando nikamnong'oneza habari za malori. Naye akazinong'oneza mbele, na punde fundi viatu akaweka nyundo chini. Dada akampungia mkono aendelee kugonga. Alitaka mtaa kama ulivyo, si wa kupangwa.

Tukarudi ofisini, akaingiza vipimo vipya, akabonyeza. Rangi nyekundu ikayeyuka mbele ya macho yetu, ukabaki ukijani mtupu. Nilimkumbatia hadi kiti kikapinduka.

Kikaoni mhandisi aling'ang'ania mstari wake wa njia ya malori. Dada akawasikilizisha kwanza ile sauti yake na bibi, ukumbi ukavunjika mbavu, kisha akawasikilizisha mtaa wenyewe: nyundo ya fundi viatu, na kwa mbali, kutoka dirishani, kilio chembamba cha mtoto. Hakuna aliyecheka tena. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyeufuta mstari, akaupeleka nyuma ya maghala.

Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema. Sasa mwanangu angeweza kulala.