Swichi Mbili za Mama Mkwe

Fundi Pima hakuitwa hivyo na wazazi wake. Ni mafundi wenzake waliompachika jina hilo, kwa kuwa hagusi waya mpaka aupime, na akishaupima anaupima tena. Hata umeme wa mtaa mzima ukikatika, utamkuta na tesita yake mkononi. Wamcheke watakavyo, vidole vyake kumi vyote anavyo.

Siku hiyo, lakini, tesita haikuwa na la kumsaidia. Alikuwa amejikunyata darini kwa mama mkwe wake, jasho likimchuruzika mpaka kwenye soksi, akijiuliza nani alimtuma kuoa kwenye ukoo wa watu wabishi.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki iliyopita joto la sebuleni lilimpa mama mkwe kizunguzungu, akaanguka. Binti yake, yaani mke wa Fundi, akaja juu: mama ahamie kwao, chumba kiko tayari, shuka zimeshatandikwa. Mama akakataa katakata. Nyumba hii aliijenga na marehemu mumewe, na hatoki. Wakavutana weee, mwisho wakakubaliana Fundi afunge feni ya darini, ile yenye taa. Ikizunguka kabla binti hajatoka kazini, mama abaki. Isipozunguka, afungashe.

Fundi akabanwa katikati. Akifanikiwa, mkewe atasema hakumtaka mama yake nyumbani. Akishindwa, mama mkwe atasema bintiye aliolewa na fundi wa maneno. Na ukweli ambao hakumwambia mtu ni kwamba alimpenda yule bibi, na roho ingemuuma kumwona akifunga mlango wake na kuondoka.

Boriti za dari zilikuwa imara, na ubao wa kubeba feni aliukaza kwa boliti bila shida. Kasheshe ilikuwa kwenye swichi. Mama alitaka mbili, ya feni mbali na ya taa mbali, maana mchana husinzia kitini na hataki kumulikwa usoni. Nyumba yenyewe ya zamani, na waya uliopanda kutoka swichi hadi darini, ndani ya bomba la ukutani, ulikuwa mmoja tu. Fundi akazima umeme kwenye meni swichi, akapima, akapima tena, akafunga nyaya mbili mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, akapanda darini kuuvuta. Zikaja vizuri mpaka kwenye kona ya bomba. Hapo zikagoma.

Akavuta. Wapi! Akiongeza nguvu, waya wa zamani utakatika, na dawa itabaki nyundo na patasi. Na mama alishasema tangu asubuhi kwamba ukuta wake haupasuliwi.

"Mama," aliita kupitia tundu la feni, kwa sauti ya mtu anayeleta taarifa ya msiba, "naona imeshindikana."

"Unavuta peke yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa huku chini nani anasukuma?"

Kazi hii ni ya watu wawili, hata Fundi alijua. Lakini mtu wa pili aliyekuwepo ni mkwe wake, na ulimi ulimwia mzito kumgeuza mkwe kuwa saidia fundi.

Akasikia kiti kikiburutwa, kisha mlango wa bafu. "Nazipaka sabuni," mama alitangaza. "Baba mkwe wako alikuwa huko huko ulipo, na mimi hapa hapa. Nyumba nzima tuliivuta hivi. Haya, legeza kidogo. Kidogo, nimesema! Vuta... acha. Vuta... acha. We mtoto, mbona una haraka kama unafukuzwa?"

"Samahani, Mama."

"Vuta!"

Nyaya zikachomoza zote mbili, zimejaa povu. Fundi akacheka peke yake gizani mpaka akajigonga kichwa.

Binti alipoingia na begi tupu mkononi, feni ilikuwa inazunguka, taa imezimwa, na mama yuko kitini. Akatazama juu. Akamtazama mumewe kwa jicho la tutaonana nyumbani. Kisha akakaa, machozi yakimlengalenga.

"Nilishakutandikia kitanda, Mama."

"Kiache hivyo hivyo. Jumamosi nakuja kulala." Mama akamshika mkono. "Ila nataka nikija unifurahie kama mgeni, mwanangu, na nikichoka niwe na kwangu pa kurudi."

Binti akatikisa kichwa kukubali.

"Na mumeo usimnunie," mama akaongeza. "Yeye alishashindwa. Feni nimeifunga mimi."