Wanafunzi wa Digrii Katika Duka la Jirani

Wasichana wote niliowafundisha cherehani hapa Nyeri mjini, majina yao niko nayo kichwani mpaka leo, ingawa hapa sitaandika hata moja. Jirani yangu wa duka alikuwa mmoja wao. Alinijia hajui hata kutia uzi kwa sindano, akatoka fundi, akafungua duka mlango wa pili.

Miaka ile ya themanini chuo kikuu kimoja kikaanza kufundisha ushonaji kwa digrii. Kikaamua ati wanafunzi wasikae na vitabu pekee, kila mmoja akae muhula mzima na fundi. Mwalimu wa chuo alipita kwangu, akageuza makoti ndani nje, akayasifu. Halafu akatoa fomu. Fundi aandike ripoti kila wiki. Mimi niliacha shule darasa la pili, jirani alifika la saba. Wanafunzi wawili wakapelekwa kwake.

"Mwalimu wangu," akaniambia akicheka, "hawa ni watu wa kusoma. Wewe ungewasomea nini, tepu ya kupimia?"

Wivu ulinishika. Nikiwasikia wakiongea huko, nilikanyaga cherehani mpaka ukanda ukakatika.

Siku moja msichana mmoja wa chuo akasimama mlangoni kwangu na koti.

"Mama, huu mkono unakataa. Unakunjana begani."

"Enda uulize fundi wako. Si yeye ako na fomu?"

Akaenda. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Kesho yake mwalimu wa chuo akaja kukagua. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao: "Hii ni kazi ya digrii ama ni gunia?" Msichana akaanza kulia, ati akianguka hapa atarudishwa kwao Gakindu kuchuma kahawa.

Niliingia bila hodi, nikachukua koti, nikafumua mkono wote.

"Nilikufundisha tuanze na nini?" nikamwuliza jirani.

"Bandi," akasema polepole.

Nikapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwa mkono, nikavuta uzi kidogo kidogo mpaka kichwa cha mkono kikajaa, nikaweka kitambaa kibichi juu na pasi ya makaa. Bega likalala.

Mwalimu akauliza, "Sasa ripoti ataandika nani?"

"Huyu aandike. Mimi nitasema."

Muhula ule wasichana walishona kwangu, na kila Ijumaa jirani alikaa kwa kiti changu akiandika maneno yangu. Wote wawili walipita. Sahihi kwa zile fomu ni ya jirani peke yake, na bado inaniuma.